Tomb Raider I–III Remastered: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu mkusanyiko huu wa gemu tatu za zamani za Tomb Raider utoke tarehe 14 Februari 2024, maswali yanayorudi ni yaleyale: ni gemu mpya au ni ya zamani, mbona Lara, yule mtafuta masalia ya kale unayemwongoza, hageuki ninavyotaka, mbona natumbukia shimo moja kila nikijaribu kuvuka. Majibu haya ni kwa anayeingia mapangoni mara ya kwanza, na kwa yule aliyecheza enzi za PlayStation ya kwanza ambaye vidole vimeshasahau. Miisho ya hadithi haifichuliwi, ila maeneo na baadhi ya mitego vitatajwa, kwa sababu bila hivyo msaada hautakuwa msaada.

Ndani ya mkusanyiko kuna nini?

Kuna gemu tatu nzima: Tomb Raider ya 1996, Tomb Raider II ya 1997 na Tomb Raider III ya 1998. Ya kwanza ina leveli 15, ya pili 18, ya tatu 19 pamoja na moja ya ziada, All Hallows, ambayo hufunguka kwa aliyekusanya siri zote, yaani vitu vilivyofichwa ndani ya leveli.

Zaidi ya hizo zimo nyongeza tatu ambazo wengi hawajawahi kuziona kwa macho: Unfinished Business yenye leveli 4, The Golden Mask yenye 5 na The Lost Artifact yenye 6. Zilitoka kati ya 1998 na 2000 kwa ajili ya kompyuta tu, kwa hiyo mwenye PlayStation aliishia kuzisikia majina. The Lost Artifact ndiyo iliyosahaulika kuliko zote. Inaanzia Scotland, inavuka mpaka Ufaransa, na imepangwa kwa ustadi ambao hauko nyuma hata kidogo ya gemu zenyewe. Kwangu mimi, kuiona kwenye konsoli kwa mara ya kwanza ni sababu tosha ya kununua mkusanyiko mzima.

Nani alitengeneza gemu hizi, na nani amezirudisha?

Zilitengenezwa na Core Design, kampuni ya mji wa Derby, Uingereza, na kusambazwa na Eidos Interactive. Gemu ya kwanza ilifanywa na timu ndogo sana. Toby Gard ndiye aliyembuni Lara. Mwanzoni mhusika alikuwa mwanamume, akaachwa kwa kuwa alifanana mno na Indiana Jones wa kwenye filamu. Akaja mwanamke aliyeitwa Laura Cruz, na baadaye jina likawa Lara Croft. Paul Douglas aliandika programu, Heather Gibson alijenga leveli, Vicky Arnold akaandika hadithi, Nathan McCree akatunga muziki. Sauti ya Lara kwenye gemu ya kwanza ni ya Shelley Blond, na kwenye ya pili na ya tatu ni ya Judith Gibbins. Gemu ilitangulia kutoka kwenye konsoli ya Sega Saturn huko Ulaya mwezi Oktoba 1996, kisha ikafuata PlayStation na kompyuta. Watu wa Derby hawajasahau: tangu 2010 mji huo una barabara inayoitwa Lara Croft Way.

Toleo hili jipya limefanywa na Aspyr ya Texas, Marekani, kwa kushirikiana na Crystal Dynamics wanaoumiliki mfululizo huu sasa. Jambo linalostahili kusemwa kwa sauti ni kwamba aliyeongoza upande wa kiufundi ni mtengenezaji wa OpenLara, mradi wa kujitolea uliojenga upya injini ya gemu ya kwanza, yaani programu inayoiendesha, ili ifanye kazi kwenye mashine za kila aina. Kazi hii ilipewa mtu aliyeifungua gemu hii skrubu moja moja kwa mapenzi, na inaonekana. Hata tarehe ya kutoka ilichaguliwa kwa makusudi: kwa mujibu wa hadithi, Lara alizaliwa tarehe 14 Februari 1968.

Je, hii ni gemu iliyotengenezwa upya kabisa?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Gemu ya kwanza iliwahi kutengenezwa upya kabisa mwaka 2007 kwa jina la Tomb Raider: Anniversary. Mle vyumba vilijengwa upya, Lara alifundishwa mienendo mipya, na mafumbo yalibadilishwa au kufupishwa. Ni gemu nzuri, ila ni gemu nyingine.

Toleo la 2024 limejengwa juu ya msimbo wa asili. Mlango uliokuwa hapo 1996 upo palepale. Mbwa mwitu anatokea kona ileile. Umbali kati ya ukingo na ukingo haujaongezwa wala kupunguzwa. Kilichofanywa ni kuvika mifupa hiyo nyama mpya: sura ya Lara, kuta, mwanga, maji, mimea, wanyama.

Picha mpya na za zamani zinabadilishwaje?

Kwa kitufe kimoja, wakati wowote, bila kusimamisha mchezo. Unaweza kuwa hewani katikati ya mruko ukabonyeza, na ukatua kwenye picha za 1996. Picha mpya zinakwenda kwa fremu 60 kwa sekunde. Za zamani zimeachwa kwenye 30 kama zilivyokuwa, kwa hiyo utahisi tofauti ya mwendo na siyo ya rangi tu.

Usikichukulie kitufe hiki kuwa pambo. Kitumie kama darasa. Nenda St. Francis' Folly, leveli ya kwanza ya Ugiriki, kwenye ule ukumbi mrefu unaoteremka ghorofa kwa ghorofa ukiwa na milango minne ya Neptune, Atlas, Damocles na Thor. Itazame kwa picha mpya, kisha badili. Utaona kwamba ile hofu ya kusimama ukingoni ilikuwepo tangu zamani, ikiwa imejengwa kwa kuta chache na picha za ukungu zilizopakwa juu yake. Heshima yangu kwa wale vijana wa Derby iliongezeka pale.

Kitufe hicho kina faida nyingine ya kawaida kabisa. Mwanga mpya unafuata chanzo chake, dirisha au mwenge, na matokeo yake vyumba vingine ni vya giza kuliko zamani. Ukiwa huoni swichi ukutani au ufunguo sakafuni, rudi kwenye picha za zamani kwa sekunde chache, kitu kitajitokeza. Kwenye gemu ya pili na ya tatu una fataki za kuangazia. Kwenye ya kwanza hazikuwepo na hazijaongezwa.

Mbona Lara ni mgumu kumwongoza?

Kwa sababu dunia yake yote imejengwa kwa miraba iliyo sawa. Chukulia sakafu ya vigae: kila chumba, kila jukwaa, kila pengo ndani ya gemu hizi limekatwa kwa kipimo cha kigae kimoja, na kila hatua ya Lara imepimwa iendane nacho. Mwili wake hauyumbi, haubahatishi. Ukimpa amri ileile kutoka mahali palepale, atatua palepale, leo na mwakani.

Ukishalielewa hili, gemu nzima inabadilika. Haikudai wepesi wa vidole, inakudai upime kwa jicho kabla ya kuruka. Ndiyo maana Lara hageuki ghafla: kushoto na kulia ni kumzungusha pale aliposimama, mbele ni kwenda anakotazama yeye, haijalishi kamera iko wapi. Kwenye menyu uendeshaji huu umeandikwa Tank. Upo pia wa pili, Modern, ambao Lara anaelekea unakosukuma mkono wa padi na kamera unaizungusha mwenyewe, kama kwenye gemu za Crystal Dynamics za baadaye.

Basi nichague uendeshaji upi?

Anza na ule wa zamani, na uupe muda. Nasema hivi nikijua kwamba saa ya kwanza itakuudhi. Uendeshaji wa kisasa unavutia pale unapokimbia kwenye uwanja mpana, lakini ukifika kwenye nguzo nyembamba juu ya shimo, utajikuta unamrekebisha Lara nyuzi mbili kushoto, nyuzi tatu kulia, na bado anaruka kombo. Vyumba hivi vilipimwa kwa mtu anayesonga mbele, nyuma na pembeni kwa vipimo kamili. Anayecheza kwa uendeshaji wa kisasa anaweza kumaliza, wapo wengi waliomaliza, ila anapigana na nyumba iliyojengwa kwa mlango wa saizi nyingine.

Kabla ya kuingia leveli ya kwanza, chagua nyumbani kwa Lara kwenye menyu. Kuna ukumbi wa mazoezi ambapo anakufundisha mwenyewe kwa sauti yake. Usiuruke.

Nitajuaje kwamba pengo linarukika?

Hesabu miraba. Akiruka akiwa amesimama, Lara anavuka pengo la mraba mmoja na kutua kwa miguu. Akiruka hivyohivyo na ukashikilia kitufe cha vitendo, anadaka ukingo ulio miraba miwili mbele. Kwa mruko wa kukimbia anavuka miraba miwili na kutua kwa miguu. Akikimbia na kudaka, mitatu. Zaidi ya hapo haiwezekani, kwa hiyo ukiona pengo la miraba minne, tafuta njia nyingine, usijiue bure.

Mruko wa kukimbia unaandaliwa hivi. Shikilia kitufe cha kutembea na usogee mpaka ukingoni. Akiwa anatembea Lara hawezi kuanguka, atasimama mwenyewe. Achia, bonyeza nyuma mara moja, atarukia nyuma hatua moja. Sasa sukuma mbele, na mara tu anapoanza kukimbia bonyeza kuruka na uendelee kubonyeza. Hataruka papo hapo. Atasubiri mguu wake ufike ukingoni ndipo aruke. Watu wengi hubonyeza wakiwa wamefika ukingoni, wakachelewa, wakatumbukia. Bonyeza mapema.

Kitufe hichohicho cha kutembea kinakuvusha kwenye miiba ya sakafuni bila mkwaruzo hata mmoja. Anayekimbia au kuangukia miiba ndiye anayekufa.

Naweza kuhifadhi mchezo wakati wowote?

Ndiyo. Kwenye PlayStation ya 1996 ulihifadhi pale tu ulipokuta fuwele ya bluu, na kati ya fuwele moja na nyingine jasho lilitoka. Sasa unahifadhi popote kama ilivyokuwa kwa watu wa kompyuta.

Uhuru huu una hatari yake. Unaweza kuhifadhi ukiwa tayari umeshaanguka, au ukiwa na tone moja la uhai huku chui anakuja. Tumia nafasi zaidi ya moja, zizungushe, na weka moja ya mwanzo wa kila leveli usiyoigusa.

Nimekwama chumbani, sioni njia. Nifanye nini?

Simama. Tumia kitufe cha kutazama, angalia juu kwanza, kwa sababu wabunifu wa gemu hizi walipenda kuficha njia juu ya kichwa. Tazama kuta zote kama kuna ukingo ulionyooka unaoweza kushikika. Tazama vitalu vya mawe: kile chenye sura tofauti na wenzake huwa kinasukumwa au kuvutwa. Kama kuna maji, zamia. Swichi nyingi ziko chini ya maji. Kama umevuta swichi na hukuona kitu, kumbuka ile picha fupi iliyoonyeshwa ya mlango. Mlango huo uliuona wapi?

Mlango unaojifunga baada ya muda unavukwa kwa mwendo mmoja usio na kosa, siyo kwa haraka. Fanya zoezi la njia nzima bila kuvuta swichi, kisha ivute.

Nakusihi usikimbilie video ya majibu kila baada ya dakika tano. Ukimya wa vyumba hivi ndio unaokufanya ufikiri, na ile sekunde ambayo chumba kizima kinafunguka akilini haiwezi kuazimwa kwa mtu mwingine.

Wanyama wananimaliza. Kuna mbinu gani?

Bastola mbili za Lara haziishi risasi, kwa hiyo weka akiba bunduki nyingine kwa maadui wakubwa. Panda kitalu au ukingo wowote ambao mbwa mwitu au dubu hawezi kuufikia, fyatua kutoka juu. Kama hakuna pa kupanda, usisimame: ruka pembeni na nyuma huku umeshikilia kufyatua, Lara anaendelea kulenga akiwa hewani. Hivyo ndivyo unavyopambana hata na yule mnyama mkubwa wa Bonde Lililopotea (Lost Valley), leveli ya Peru kwenye gemu ya kwanza. Kifurushi kidogo cha dawa kinarudisha nusu ya uhai, kikubwa kinaujaza wote.

Kwenye gemu ya pili watawa wote wamenigeuka. Kwa nini?

Kwa sababu ulimpiga risasi mmoja wao. Kwenye monasteri ya Barkhang, Tibet, watawa ni wenzako. Wanapigana na majambazi upande wako. Mguse mmoja tu na monasteri nzima inakuwa adui. Lara hulenga mwenyewe, kwa hiyo kosa hilo ni rahisi: weka silaha mfukoni, waache watawa wafanye kazi yao, ingilia pale tu jambazi anapobaki peke yake. Ukishaharibu, rudi mahali ulipohifadhi kabla yake. Maisha ya pale yakiwa na monasteri nzima inayokutafuta hayana raha yoyote.

Kwenye gemu ya tatu, baada ya India niende wapi?

Nenda Nevada. Hili ndilo jibu muhimu kuliko yote kwenye ukurasa huu kwa anayecheza gemu ya tatu.

Ukimaliza India unapewa ramani na maeneo matatu: Nevada, visiwa vya Pasifiki ya Kusini na London. Unaweza kuyafuata kwa mpangilio wowote, kisha Antaktika ndiyo ya mwisho kwa kila mtu. Gemu haikuambii kwamba Nevada Lara anakamatwa na kunyang'anywa silaha zake. Ukienda huko mwisho, bunduki zote ulizokusanya kwa jasho London na visiwani zinapotea. Ukienda mwanzo, unapoteza kidogo na unakusanya upya ukiendelea.

Mengine ya gemu hiyo: tumbili wa msitu wa India huokota vifurushi vya dawa mbele ya macho yako, kwa hiyo usiviache viking'aa sakafuni. Maji ya visiwani yana samaki wanaokumaliza kwa sekunde. Na Antaktika maji ni ya baridi kiasi cha kuua. Mstari wa joto ukiisha, uhai unaanza kukatika, basi panga njia yako kabla ya kuingia. Ni gemu ngumu kuliko mbili zilizotangulia na haina huruma kwa mgeni. Usianze nayo.

Nizicheze kwa mpangilio gani?

Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siyo kwa ajili ya hadithi, ambazo zinajitegemea, bali kwa ajili ya mwili wa Lara. Gemu ya kwanza inakufundisha kuruka, kudaka, kuogelea na kusukuma. Ya pili inaongeza kupanda ngazi, kujigeuza hewani, fataki, boti ya Venice na pikipiki ya theluji. Ya tatu inaongeza kukimbia kwa kasi, kuchuchumaa, kutambaa na kuning'inia darini kwa mikono. Ukitoka ya tatu kurudi ya kwanza utamkosa Lara uliyemzoea.

Kwa nini muziki ni wa nadra?

Ni uamuzi, na ni uamuzi bora. Muda mwingi unasikia nyayo, maji yanayodondoka, upepo wa pangoni. Halafu unaingia ukumbi mkubwa na wimbo wa McCree unaingia pamoja nawe, unadumu kidogo na kuondoka. Kwa kuwa umesubiri, unausikia kweli. Zima redio, vaa spika za masikioni. Ukifika Venice kwenye gemu ya pili, vinanda vya nyuzi vitakueleza vyenyewe kwa nini nasisitiza.

Onyo lile la mwanzoni ni la nini?

Unapoifungua gemu unakutana na maandishi yanayosema kwamba ndani yake mna maonyesho ya watu na tamaduni yenye dharau, yaliyotokana na ubaguzi wa rangi na makabila, na kwamba watengenezaji wameamua kuyaacha badala ya kuyafuta, wakiyakubali kuwa ni makosa. Linahusu zaidi namna gemu ya tatu ilivyowachora watu wa visiwa vya Pasifiki ya Kusini.

Naona walifanya sawa. Waliochorwa vile wanastahili kuombwa radhi, na kufuta kungeficha kwamba jambo lilitendeka. Sisi tunaotoka bara ambalo limechorwa vibaya na filamu na vitabu vya wengine tunaujua uchungu huo bila kuelezwa. Mzazi anayecheza na mtoto asilipite onyo hilo, alisome naye.

Inamfaa mtoto wa umri gani?

Kuna damu, kuna watu na wanyama wanaouawa kwa risasi, na Lara mwenyewe hufa vifo vya kutisha, hasa kwenye miiba na akianguka kutoka juu. Kwa mtoto mdogo si mahali pake. Kijana wa sekondari mwenye subira atafaidika sana na mafumbo yake.

Hii inahusiana na zile filamu za Angelina Jolie?

Filamu zilizaliwa na gemu, siyo kinyume chake. Zilitoka 2001 na 2003, miaka kadhaa baada ya gemu hizi tatu, na hadithi zake ni tofauti. Ya pili ilifika kwetu: sehemu zake zilipigwa Kenya, ikiwemo mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Kwenye mkusanyiko huu, hata hivyo, Lara hakanyagi Afrika Mashariki. Afrika anayoipitia ni Misri, kwenye gemu ya kwanza na nyongeza yake.

Ni kweli kulikuwa na namba ya siri ya kumvua Lara nguo?

Hapana. Uvumi huo ulizunguka dunia nzima miaka ya tisini, na kila aliyeusambaza alidai rafiki wa rafiki yake ameona. Core Design waliujibu kwa njia yao: kwenye gemu ya pili kuna mpangilio wa hatua, mizunguko na mruko ambao aliyeujaribu kwa matumaini hayo alimwona Lara akilipuka vipande vipande.

Yule mzee anayenifuata nyumbani na sinia ni nani?

Ni Winston, mtumishi wa nyumba ya Lara, kwenye gemu ya pili na ya tatu. Hana kazi kwenye hadithi. Anatembea polepole, vikombe vinagongana, anaguna. Wachezaji wa zamani wote walifanya jambo moja: walimvuta mpaka kwenye chumba cha baridi cha jikoni, wakatoka mbio na mlango ukamfungia. Inawezekana mpaka leo.

Naipata wapi, na itanigharimu bando kiasi gani?

Ipo kwa Nintendo Switch, PlayStation 4 na 5, Xbox One na Xbox Series, na kwa kompyuta kupitia maduka ya mtandaoni ya Steam, GOG na Epic. Ilitoka kwa bei ya dola 29.99 za Marekani kwa mkusanyiko wote, na mara kwa mara hupunguzwa, kwa hiyo asiye na haraka asubiri msimu wa punguzo. Malipo yanahitaji kadi inayokubalika mtandaoni. Kenya wengi hutumia kadi ya Visa ya mtandaoni inayotolewa ndani ya M-Pesa tangu 2022.

Ukubwa wake ni gigabaiti chache tu, kidogo sana ukilinganisha na gemu za leo, na haihitaji kompyuta ya gharama kubwa. Kwa mwenye kompyuta napendekeza GOG: unashusha faili la kusakinisha mara moja, mahali penye mtandao wa bei nafuu, unaliweka kwenye diski ya nje, na unasakinisha nyumbani bila intaneti. Gemu ni ya mchezaji mmoja, haikudai uwe mtandaoni ukicheza.

Kiswahili kimo?

Hakimo kwenye menyu wala sauti. Maneno ni machache, na sehemu kubwa ya gemu ni kutazama na kupima, kwa hiyo asiyejua Kiingereza vizuri hatakwama kwa sababu hiyo.

Nikimaliza zote tatu, kuna zaidi?

Ipo Tomb Raider IV–VI Remastered, iliyotoka tarehe 14 Februari 2025, yenye The Last Revelation ya 1999, Chronicles ya 2000 na The Angel of Darkness ya 2003. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoinyima Core Design mfululizo wao. Ilitoka kabla haijaiva, na gemu zilizofuata zikapewa Crystal Dynamics huko California. Anza na The Last Revelation. Uendeshaji ni uleule uliokwisha kuuzoea, miraba ni ileile, kitu kipya utakachokutana nacho mapema ni kamba za kubembea. Inaanzia Angkor Wat, hekalu la kale la Kambodia, Lara akiwa bado msichana anayefuata nyuma ya mwalimu wake, kisha inaingia Misri na kubaki huko.